Sidi Mubarak Bombay, Mtu Aliyeuzwa na Kuachwa Huru Pasipo Hati

Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda hata Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali yenye maji ya chumvi, ikaingia Ugogo kwa Mvumi na Bihawana, ikaendelea Kanyenye na Mgunda Mkali mpaka Tabora. Siku hizi reli inapita karibu na njia ile, na msafiri husinzia mahali ambapo zamani mpagazi alihesabu vibuyu vyake vya maji kwa hofu. Katika watu walioipita njia hiyo, yuko mmoja ambaye jina lake limeandikwa katika vitabu vya mataifa mengi, naye hapo kwanza alikuwa mtumwa. Jina lake Sidi Mubarak Bombay. Alipita Ugogo mara sita, kwenda na kurudi, kati ya mwaka 1857 na mwaka 1873.

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za Wazungu aliowatumikia, yaani Burton, Speke, Stanley na Cameron. Habari zake mwenyewe husomwa kwa haraka, kama habari za mpishi katika hadithi ya arusi. Hapa twataka kuzieleza kwa utaratibu, na hasa jambo moja: jinsi mtu alivyoweza kukamatwa, kuuzwa, kuvushwa bahari, kisha kuachwa huru, na katika hatua hizo zote asishike mkononi hata karatasi moja ya kumshuhudia.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kati ya Ziwa Nyasa na pwani. Mama yake alikufa angali mtoto mchanga, hata hakuweza kumkumbuka vema. Alikaa na baba yake kijijini kwa amani hata alipopata umri wa miaka 12 hivi. Ndipo likaja kundi kubwa la wafanya biashara wa pwani pamoja na watumwa wao, wenye bunduki na panga, wakakizunguka kijiji. Hawakusema kwamba wamekuja kuteka. Walisema wamekuja kudai. Katika miaka ya njaa iliyopita waliwakopesha watu wa kijiji nguo na ushanga, na sasa walitaka kulipwa yote siku ile ile. Wenyeji hawakuwa na kitu cha kulipa. Wengine wakakimbilia msituni, wengine wakafa, na waliosalia wakafungwa. Bombay alikuwa miongoni mwa waliofungwa. Baba yake hakumwona tena.

Tutazame vizuri jambo hili la deni, maana ndilo mlango wenyewe. Katika nchi nyingi ambako watu waliuzwa, mwenye mtumwa alikuwa na waraka wa kununulia, wenye jina la mwuzaji na bei. Huku kwetu bara waraka ulikuwa deni. Doti ya nguo iliyotolewa wakati wa njaa, bila shahidi na bila maandiko, ilitosha kumfanya mtoto wa mtu kuwa mali miaka michache baadaye, na hesabu yake ilikuwa katika kichwa cha mdai peke yake. Watu wa Ugogo hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Katika njaa ya Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, walikuwako wazazi waliowaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula. Mtu akibanwa na njaa haulizi masharti.

Mateka walipelekwa Kilwa kwa miguu, wakiwa wamefungwa pamoja, na kutoka Kilwa wakapakiwa katika majahazi hata Unguja. Huko kila mtumwa aliyeshushwa alitozwa ushuru katika forodha, kama vile pembe za ndovu na sandarusi zilivyotozwa. Basi neno la kwanza lililoandikwa na serikali juu ya kijana yule lilikuwa hesabu ya kichwa kimoja katika daftari ya forodha. Akapelekwa sokoni, akanunuliwa na Mwarabu mfanya biashara, akapelekwa Bara Hindi.

Na hapa pana jambo la kushangaza. Mwaka 1822 Sayyid Said alikuwa amekwisha kutia sahihi mkataba na Waingereza, wa kukataza watumwa wasiuzwe kwa Wakristo, wala wasipelekwe Bara Hindi. Kama hesabu ya umri wa Bombay ni sahihi, mkataba ule ulikuwa na umri wa miaka kumi hivi siku alipopandishwa chomboni. Kulikuwa na karatasi iliyomlinda, wala hakuna aliyemsomea. Mwaka 1845 mkataba mwingine ukaandikwa, wenye maneno makali zaidi, na majahazi yakaendelea kusafiri.

Katika Bara Hindi watu weusi huitwa Masidi, nalo jina la Bombay lilikuwa jina la mji mkuu wa pwani ile. Mubarak ni jina ambalo mabwana walipenda kuwapa watumwa wao, kama Baraka na Mabruki, maana yake aliyebarikiwa. Hivyo majina yake yote matatu alipewa na nchi ya utumwa wake. Walakini alipata huko kitu kimoja kilichomfaa maisha yake yote, nacho ni lugha ya Kihindustani.

Akamtumikia bwana wake miaka mingi, hata bwana yule akafa, naye akawa huru. Kwa desturi ya Waislamu, kumwacha mtumwa huru ni tendo jema lenye thawabu, na bwana aliyekaribia kufa aliweza kuagiza hivyo mbele ya mashahidi. Mara nyingine kadhi aliandika hati, mara nyingine neno la mashahidi lilitosha. Lakini mashahidi hufa, tena hawasafiri pamoja na mtu. Kwa sababu hiyo, baadaye serikali ya Wadachi ilipotawala nchi yetu, ilianza tangu mwaka 1891 kutoa barua za uhuru katika boma zake. Hata mwaka 1912 barua zaidi ya 50,000 zilikuwa zimetolewa. Ndani yake liliandikwa jina la mtumwa na jina la bwana, na jinsi alivyopata uhuru wake: kama alijikomboa mwenyewe, kama alikombolewa na mtu mwingine, au kama bwana alimwacha kwa hiari. Tusidhani kwamba serikali ile iliufuta utumwa. Iliuandika tu, na kuupunguza kidogo kidogo. Amri ya mwaka 1904 ilisema kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 atakuwa huru, maana yake mama yake aliyemzaa aliendelea kuwa mtumwa. Sheria ya kuukomesha kabisa katika Tanganyika ilitolewa na Waingereza mwaka 1922.

Bombay hakuishi kuziona barua hizo. Alirudi Unguja akiwa mtu huru kwa neno lake mwenyewe, akaingia katika jeshi la Sayyid, akawekwa kituo cha Chogwe karibu na mto Pangani. Mshahara ulikuwa haba, na njaa ilikuwa nyingi. Huko ndiko Burton na Speke walikomkuta mwezi wa Februari 1857, walipokuwa wakienda Usambara kumwona Kimweri. Speke hakujua Kiswahili, bali alijua Kihindustani kidogo. Kwa hiyo askari huyu akawa mdomo wake. Wakamwomba kwa mkuu wa kituo, wakamchukua.

Msafara wao ulitoka pwani mwezi wa Juni mwaka ule. Ukiutazama kwa jicho la mwanasheria, ulikuwa msafara wa ajabu. Bombay alikuwa huru, na mshahara wake ulikuwa wake. Rafiki yake Mabruki, aliyemwita ndugu, alikuwa mtumwa wa shehe mmoja wa Kiarabu, ambaye alimkodisha kwa reale 5 kwa mwezi. Walikuwamo pia watumwa kumi wa Ramji, Baniani aliyekuwa karani wa forodha ya Unguja. Huyo aliwakodisha kwa reale 30 kila mtu kwa miezi sita, nao wakaitwa wana wa Ramji. Walibeba bunduki wakakataa kubeba mizigo, wakajiona waungwana. Wote walikula chungu kimoja na kulala chini ya mti mmoja, na mgeni asingeweza kumtambua aliye huru na asiye huru. Tofauti ilionekana siku ya malipo tu.

Walipofika Ugogo walikuta watemi wenye nguvu. Hapa kila mwenye maji alidai hongo, na Magomba wa Kanyenye alijulikana kuliko wengine kwa kutoharakisha mazungumzo. Burton alilipa kwake, kisha Speke, kisha Stanley, kisha Cameron. Kazi ya kwenda na kurudi kati ya hema la Mzungu na tembe la mtemi, kuhesabu nguo, kusikia kwamba hazitoshi, na kuanza tena, mara nyingi ilikuwa kazi ya Bombay. Wagogo wenyewe walinunua watumwa kwa pembe za ndovu, wakawatia katika kazi ya mashamba; na watumwa waliotoroka misafara walikimbilia vijijini kwao. Kwa hiyo mtu mgeni aliyekutwa peke yake mbuguni hakuulizwa hati. Aliulizwa ni wa nani. Mtu huru asiye na kundi wala bwana wa kumtaja aliweza kuwa mtumwa tena kabla ya jua kuchwa. Ndiyo sababu, nadhani, watu walionung’unika kila asubuhi juu ya msafara walikuwa bado ndani yake kila jioni.

Hatupendi kuficha neno lisilopendeza. Katika safari ile ya kwanza Bombay, aliyetekwa akiwa mtoto, alinunua mtumwa kwa mshahara wake. Mabwana zake waliliandika jambo hili, tena waliandika jinsi alivyompenda mtu yule na kumwendekeza. Kwa watu wa wakati ule halikuwa ajabu. Mtu huru aliyetaka kuonekana mtu huru alinunua mtu. Yeye hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ameondoka upande mmoja wa mizani; basi akaonyesha kwa kusimama upande wa pili. Mimi nasema hivi kwa kujaribu kufahamu, si kwa kumtetea.

Mwezi wa Agosti 1858 alikuwa pamoja na Speke karibu na Mwanza, walipoliona ziwa kubwa la Nyanza. Mwezi wa Februari 1859 wakarudi pwani, na wana wa Ramji wakaleta ugomvi mkubwa juu ya mshahara, ambao Burton alikataa kuwapa.

Ugomvi ule ulifika mbele ya balozi wa Kiingereza, Rigby, naye ni mtu wa kukumbukwa katika habari za hati. Wahindi wengi wa Unguja walihesabiwa kuwa chini ya Waingereza, na sheria ya Waingereza ilikataza raia wao kumiliki watumwa tangu zamani. Walakini walimiliki. Mwaka 1860 Rigby akaamuru kila Mhindi wa namna hiyo awalete watumwa wake ubalozini, waandikwe, waachwe huru. Maelfu waliandikwa katika daftari, jina la kila mmoja pamoja na kabila lake na jina la aliyekuwa bwana wake. Madaftari ya Unguja yaliwahesabu watu ili watozwe ushuru. Hili liliwahesabu ili waende zao. Lakini lilikuwa la watumwa wa Wahindi tu. Mtumwa wa Mwarabu, kama Mabruki, au wa Mswahili, hakuguswa nalo.

Mwaka ule ule Speke akarudi pamoja na Grant kutafuta mwanzo wa mto Naili, na Bombay akaandikwa mbele ya balozi pamoja na waungwana wengine, kwa mshahara wa mwaka uliotajwa, sehemu yake ikilipwa kabla ya kuondoka. Hapo mkataba ulimtaja kuwa mtu anayeuza kazi yake, mwenye haki ya kulipwa. Sayyid Majid naye alimpa Speke watumwa kutoka mashamba yake. Hao wengi wao walitoroka mapema, maana waliambiwa kwamba Wazungu hula watu. Aliyekwisha kuuzwa mara moja huamini neno lo lote juu ya mahali anakopelekwa.

Safari ile ilikuwa ndefu na ya taabu. Katika Ugogo na Mgunda Mkali mwisho wa mwaka 1860 njaa iliwapata, mvua ikawazuia, na wapagazi wengi wakatoroka. Baadaye, huko mbele, Speke alimpiga Bombay ngumi mpaka meno yakamtoka, kwa sababu alibishana naye juu ya amri. Mkataba ulimlipa mshahara, haukumlinda uso. Hata hivyo hakuondoka. Waliyaona maporomoko ya Naili mwezi wa Julai 1862, wakafika Misri mwaka 1863, watu 18 tu wa pwani wakiwa wamebaki katika wote walioanza. Huko Speke aliwapa malipo ya miaka mitatu, na maagizo mawili yaliyoandikwa: kwamba wanunuliwe shamba lao la watu huru huko Unguja, na kwamba kila mmoja apewe reale 10 za mahari siku atakapopata mke. Kwa mtu aliyekuwa ameandikwa kichwa kimoja katika daftari ya forodha, maagizo haya hayakuwa madogo. Mwenye shamba ana mpaka unaojulikana na majirani wanaomtaja. Chama cha wanajiografia cha London kikampa Bombay nishani ya fedha.

Mwaka 1871 Stanley akamwajiri kuwa mkuu wa askari wake kwa reale 80 kwa mwaka, mara mbili ya mshahara wa wenzake, na Mabruki akaenda naye tena. Wakapita Mvumi na Bihawana, wakakaa Tabora katika vita ya Mirambo, wakamkuta Livingstone Ujiji. Mwaka 1872 wakarudi kwa njia ile ile wakati wa masika makali. Stanley naye alimpiga kwa fimbo. Akamsifu na kumtukana katika kitabu kimoja, wakati mwingine katika ukurasa mmoja.

Mwaka uliofuata akatoka na Cameron. Msafara ulikuwa katikati ya pwani na Ugogo hapo tarehe 5 Juni 1873, siku ambayo Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Soko ambamo kijana Myao alisimamishwa ili wanunuzi wamtazame lilifungwa naye hayuko. Mahali pale pakajengwa kanisa. Lakini mkataba ulifunga soko na bahari tu. Mtumwa aliyekuwa shambani siku ile alibaki mtumwa, na hali hiyo haikuguswa na sheria ya Unguja mpaka amri ya tarehe 6 Aprili 1897.

Walipoendelea magharibi kupita Ziwa Tanganyika na nchi za Kongo, Bombay aliyaona mambo ya utoto wake upande wa pili wa Afrika. Walisafiri pamoja na mfanya biashara jina lake Alvez, aliyejihesabu mtu wa Wareno. Mwenzake Alvez, aitwaye Coimbra, akawafikia njiani na wanawake 52 waliofungwa kamba kwa makundi, wengine wana watoto mgongoni. Cameron alikadiria kwamba ili kuwapata hao 52, vijiji visivyopungua 10 viliharibiwa. Wareno walikuwa wamekataza kwa sheria tangu mwaka 1836 kusafirisha watumwa kwa bahari. Huku bara sheria hiyo haikuonekana. Cameron hakuwa na nguvu za kuwafungua, naye alimhitaji Alvez ili afike pwani. Msafara wote, pamoja na Bombay, ukaendelea nyuma ya kamba zile.

Mwezi wa Novemba 1875 wakafika bahari ya magharibi. Cameron amelalamika sana juu ya Bombay, kwamba alizeeka, alipenda pombe, wala hakuweza kuwatiisha watu tena. Yawezekana ni kweli. Alikuwa na miaka 55 hivi, amekwisha kutembea kwa miguu maili elfu kadha wa kadha, kutoka bahari moja mpaka nyingine. Walirudishwa Unguja kwa chombo, kwa kuzunguka kusini ya Afrika. Ilikuwa mara yake ya nne kufika Unguja kwa safari ndefu ya baharini: mara ya kwanza akiwa amefungwa, mara ya pili akitoka Bara Hindi, mara ya tatu akitoka Misri.

Mwaka 1876 wanajiografia wa London wakakata shauri kumpa malipo ya uzeeni, paundi 15 kila mwaka maisha yake yote. Akakaa Unguja akizipokea hata alipokufa mwaka 1885.